Kliniki ya sheria chuoni: namna ya kuianzisha na kumfundisha mwanafunzi kwa jalada la kweli

Mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa tatu anaweza kukueleza vizuri kabisa kanuni za mirathi, akakutajia na kesi za kuzitetea. Mweke mbele ya mama aliyetolewa vyombo nje na shemeji zake wiki mbili baada ya msiba, kisha umwambie, "Haya, msaidie." Hapo utamwona anavyohangaika. Hajui aanze na swali gani, wala hajui mama huyu aende ofisi ipi kesho asubuhi. Hatuwezi kumlaumu, kwa sababu hakuna aliyemfundisha.

Mwaka 1933 mwanasheria wa Marekani, Jerome Frank, aliuliza swali ambalo bado linatuhusu: ikiwa daktari hafuzu bila kupita hospitalini, kwa nini mwanasheria afuzu bila kukutana na mteja? Neno kliniki, yaani ofisi ya chuo ambamo wanafunzi huwahudumia wateja wa kweli chini ya wakili, tumeliazima kwa madaktari kwa sababu hiyo. Kwetu wazo hili si geni. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi 14, na muongo huo haukuisha kabla ya kitivo kuwa na kamati ya msaada wa kisheria kwa wananchi. Nairobi nako, Kituo Cha Sheria kilianzishwa mwaka 1973.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa sheria nchini Tanzania anayetaka kuanzisha kliniki, au aliyeikuta imelala na anataka kuiamsha. Nimesimamia wanafunzi muda wa kutosha kuamini jambo moja: mwanafunzi huanza kujifunza kazi siku anapokabidhiwa jalada lenye jina lake juu, na mteja huwa salama pale tu ambapo kuna wakili anayesoma kila mstari kabla haujatoka nje ya mlango. Kliniki isiyompa mwanafunzi jalada ni darasa lenye jina jingine. Isiyo na wakili wa kusoma inahatarisha maisha ya watu.

Hatua ya kwanza: tafuta msimamizi kabla ya kutafuta chumba

Vyuo vingi huanza na chumba, bango na uzinduzi. Anza na mtu. Unahitaji angalau wakili mmoja mwenye leseni hai ambaye kazi ya kliniki imeandikwa kwenye ratiba yake kama vipindi vingine, na mzigo wake mwingine wa kufundisha ukapunguzwa. Wakili wa kuja "akipata nafasi" hatapata nafasi. Kwa uzoefu wangu, msimamizi mmoja anawamudu wanafunzi wanane, wakizidi sana kumi. Wakifika ishirini ataanza kusaini nyaraka bila kuzisoma, na hapo kliniki imekwisha hata kama mlango uko wazi.

Chumba chenyewe kiwe na meza, viti vinne, kabati linalofungwa kwa ufunguo na mlango unaofungika ili maneno ya mteja yasisikike koridoni. Kiwe ghorofa ya chini, kwa kuwa wateja wako wengi watakuwa wazee.

Hatua ya pili: weka mipaka ya kisheria kwa maandishi

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inataka watoa huduma hiyo Tanzania Bara wasajiliwe. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2018. Nenda kwa Msajili mapema, au fanya kazi chini ya mwavuli wa taasisi iliyokwisha kusajiliwa wakati unajipanga. Njia hii ya pili ina faida nyingine: taasisi hizo zina wateja tayari, zina wasaidizi wa kisheria huko kwenye kata, na zinajua ni karani gani wa kuulizwa nini.

Mwanafunzi asaini karatasi moja, fupi, kwa Kiswahili. Iseme kwamba yeye si wakili na hatajitambulisha hivyo. Hatasimama mahakamani kumwakilisha mtu. Hatapokea hela wala zawadi, hata kuku. Hatatoa ushauri wa mwisho kwa mteja kabla msimamizi hajaupitisha. Hatamsimulia mtu yeyote habari za mteja, iwe bwenini, nyumbani au kwenye simu. Msomeeni kwa sauti ndipo asaini.

Hapo kwenye simu pana hatari kubwa siku hizi. Mwanafunzi hupiga picha nyaraka za mteja akazirusha kwenye kundi la WhatsApp ili wenzake wamsaidie kufikiri. Nia yake njema, lakini jina la mtu, ugonjwa wake na ugomvi wa nyumba yake vimekwisha kusambaa. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Weka kanuni rahisi: nyaraka hupigwa nakala ofisini, hukaa kabatini au kwenye kompyuta ya ofisi yenye nywila, na hakuna kingine.

Hatua ya tatu: wiki tatu za maandalizi, nusu yake iwe lugha

Kabla hawajakutana na mteja, wape wiki tatu. Fundisha siri ya mteja, mgongano wa maslahi na namna ya kufungua jalada. Wafanye mahojiano ya kuigiza, na wa kuigiza mteja asiwe mwanafunzi mwenzao. Mwombe mhudumu wa chuo, mama lishe au mlinzi aliye tayari. Mpe kisa na umwambie aeleze kama anavyoeleza nyumbani kwake. Mwanafunzi mwenzao atasimulia kama swali la mtihani, mambo yote yakiwa yamepangwa.

Sasa lugha. Wanafunzi wetu hufundishwa sheria kwa Kiingereza miaka minne, halafu mteja wa kwanza anayeingia hajui hata neno moja la Kiingereza. Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikiendeshwa kwa Kiswahili siku zote, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama kwa ujumla. Mwanasheria asiyeweza kueleza kwa Kiswahili safi kwa nini mteja anatakiwa kuleta ushahidi hajaielewa kanuni hiyo barabara, hata kama aliifaulu.

Zoezi ninalolipenda ni hili. Mpe mwanafunzi istilahi moja, mathalani pingamizi la awali, hati ya kiapo au usimamizi wa mirathi. Aieleze kwa dakika mbili bila kulitaja neno lenyewe, mbele ya mtu ambaye hakusoma sheria. Kisha msikilizaji arudie alichoelewa. Mwanafunzi mmoja alieleza usimamizi wa mirathi vizuri, akadhani amemaliza. Mama wa kantini akarudia: "Kwa hiyo msimamizi ndiye mwenye mali sasa." Migogoro mingi ya mirathi huzaliwa na imani hiyo hiyo. Mwanafunzi akarudi mwanzo, akasema: "Msimamizi ni kama aliyeshikishwa sahani wakati wa kupakua. Kazi yake ni kugawa, kisha aonyeshe mahakama amegawaje." Hapo akaeleweka.

Hatua ya nne: chagua mashauri yanayobebeka

Mwaka wa kwanza usipokee kila kitu. Mashauri yanayofundisha na kubebeka ni mirathi midogo, matunzo ya mtoto, talaka na mgawanyo wa mali, mfanyakazi aliyeachishwa kazi, na madai madogo ya fedha. Ardhi chukua kwa uangalifu. Shauri la ardhi laweza kuishi kuliko shahada ya mwanafunzi. Jinai nzito waachie wenye uwezo nazo, ila usimrudishe mtu mikono mitupu. Mpe barua ya kumwelekeza kwingine, yenye jina la taasisi utakayokuwa umeipigia simu mbele yake.

Kabla ya kupokea jalada, pitia daftari la majina. Ukikuta mume alikwishakuja mwezi uliopita, mke humpokei, hata kama moyo wako uko upande wake.

Hatua ya tano: mahojiano ya kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona sehemu nyingine ya kazi hii yenye mafunzo mengi kama hii.

Waketi wanafunzi wawili, mmoja auliza na mwingine aandika. Msimamizi awe karibu, asiwe katikati. Mwanafunzi asimame kumpokea mteja, aamkie kama anavyoamkia nyumbani, amwonyeshe kiti, ajitambulishe kuwa ni mwanafunzi anayefanya kazi chini ya wakili. Aeleze kuwa atakachosema kitabaki humo ndani. Halafu aulize swali moja pana na kunyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kugumu. Namkumbuka bibi mmoja aliyekuja na karatasi zake ndani ya mfuko wa rambo, ile ya zamani kabla ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya mwaka 2019, imekunjwa mara nne na kufungwa kwa kipande cha kanga. Mwanafunzi wangu, kijana mwenye bidii, akaanza na fomu: jina kamili, umri, dini, kazi, namba ya simu. Bibi akajibu neno mojamoja. Baada ya fomu akaulizwa habari ya shamba, naye akaanza mbali, tangu mumewe alipolifyeka. Dakika arobaini zikapita. Kijana anaandika kila kitu, mfuko uko mapajani mwa bibi, haujafunguliwa.

Nikaomba ruhusa. "Shikamoo bibi. Humo kwenye mfuko umetuletea nini?" Akafungua. Kadi ya kliniki ya mtoto, stakabadhi za michango ya msiba, picha, cheti cha kifo. Chini kabisa ilikuwa nakala ya hukumu ya Mahakama ya Mwanzo iliyomkataa kama mjane. Nikahesabu tarehe kwa vidole pale pale: siku 26. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30. Tulikuwa na siku nne, mojawapo Jumapili.

Tangu siku hiyo kanuni yetu ni kwamba ndani ya dakika kumi za kwanza karatasi zote huwekwa mezani, na swali hili huulizwa kwa maneno haya haya: "Kuna karatasi yoyote uliyopewa na mahakama, baraza, polisi, mwajiri au serikali ya mtaa? Ulipewa lini?" Baada ya hapo simulizi iendelee kwa raha zake. Fomu ijazwe mwisho, mteja akiwa amekwisha kuzoea uso wa anayemuuliza.

Mwisho wa mahojiano mwanafunzi amsimulie mteja kisa chake mwenyewe, kwa ufupi, na aulize wapi amekosea. Karibu kila mara mteja husahihisha jambo zito. Kisha amwambie ni lini atapata jibu, na siku hiyo isipite. Ushauri hautolewi hapo hapo. Nyaraka halisi hurudi na mteja. Ofisini hubaki nakala.

Hatua ya sita: tarehe huandikwa juu ya jalada kwa kalamu nyekundu

Kitu cha kwanza baada ya mteja kuondoka ni kuhesabu muda wa ukomo. Mfanyakazi anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka fomu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Mume au mke anayetaka talaka huwa anapita kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwe la kata au la dini yake, na asipopewa hati kwamba usuluhishi umeshindikana, shauri lake laweza kuanguka mlangoni. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne ya kupeleka orodha ya mali. Sheria hubadilika, kwa hiyo mwanafunzi athibitishe muda kwenye sheria yenyewe iliyopo siku hiyo, asiuchukue kwenye kumbukumbu yangu wala yake.

Mwanzoni mwa kazi hii tulimpotezea mfanyakazi mmoja shauri lake kwa kuchelewa siku mbili. Kila mwanafunzi alidhani mwenzake amepeleka fomu, nami sikuuliza. Tuliomba kuongezewa muda, tukakataliwa. Yule baba alinishukuru kwa kujaribu, na shukrani yake naibeba mpaka leo. Ndiyo maana sasa tarehe iko sehemu tatu: juu ya jalada kwa wino mwekundu, kwenye kalenda kubwa ya ukutani, na kwenye daftari langu. Mwenye jalada ni mmoja, ajulikane kwa jina.

Hatua ya saba: kuandika, kusoma, kuandika tena

Kila hati ipite mikono ya msimamizi si chini ya mara mbili. Usimwandikie mwanafunzi. Weka alama pembeni, uliza swali, mrudishie. Inachosha, na mara nyingi ungemaliza mwenyewe kwa nusu saa, lakini hapo ndipo anapojifunza. Tarehe ikibana sana, andika wewe huku ameketi kando yako, umweleze kwa nini umechagua neno hili ukaacha lile.

Nitoe mfano. Rasimu ya maelezo ya mfanyakazi ilisomeka: "Mlalamikaji alidhulumiwa vibaya sana na mwajiri asiye na utu aliyemfukuza kinyama." Pembeni niliandika maswali matano: nani alisema? alisema nini? lini? wapi? nani alisikia? Rasimu ya tatu ikaja hivi: "Jumatatu asubuhi, getini, msimamizi wa zamu alimwambia mlalamikaji arudishe kitambulisho na asiingie tena. Mlinzi wa zamu alikuwepo. Hakupewa barua yoyote, wala hakuitwa kwenye kikao chochote kabla ya hapo." Hakuna neno kali hata moja, na msomaji anaona dhuluma kwa macho yake.

Katika utafiti, tatizo kubwa ni kusoma kesi nusu. Kila mwanafunzi anaijua Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wanainukuu, wanaishia hapo. Waulize: je, Bi Hawa mwenyewe alipata nini? Hakupata, kwa sababu Mahakama iliona alikwisha kufuja fedha alizokuwa amepewa na mumewe. Mwanafunzi aliyesoma mpaka mwisho ndiye atakayekumbuka kumuuliza mteja wake wa kike, kwa upole, kama naye aliwahi kupewa fedha na zilikwenda wapi, kabla wakili wa upande wa pili hajamuuliza mbele ya hakimu.

Hatua ya nane: siku za mahakama

Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa kuingia Mahakama ya Mwanzo, na hadi leo wananchi wengi wanasimama humo peke yao. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwanafunzi ni kumwandaa mteja ajisemee. Wapange viti kama mahakama, mmoja awe hakimu. Mteja azoee kueleza kisa chake kwa dakika tano kwa mpangilio, kutoa kielelezo na kusema ni cha nini, kumuuliza shahidi wa upande wa pili swali badala ya kugombana naye. Ni marufuku kumfundisha cha kusema. Mfundishe namna ya kusema lililo kweli likasikika.

Siku yenyewe mwanafunzi aende naye, avae kwa heshima, aketi nyuma, aandike: shauri limeahirishwa kwa sababu gani, hakimu aliuliza nini, tarehe ijayo ni ipi. Akirudi amsalimie karani pia. Mwanafunzi anayejua masjala inavyofanya kazi ana thamani kubwa kuliko anayejua hotuba.

Hatua ya tisa: kikao cha Ijumaa na alama

Kila Ijumaa majalada yote yawekwe mezani. Kila mwenye jalada aseme mambo matatu: wiki hii nimefanya nini, nimekwama wapi, tarehe gani inakuja. Wenzake wamshauri kabla msimamizi hajafungua mdomo. Acha nafasi pia ya kusema yaliyowalemea. Wapo watakaosikia habari za mtoto aliyepigwa au mjane mwenye umri wa mama zao, na hawajawahi kubeba jambo la namna hiyo. Usiwaambie wajikaze tu.

Katika kutoa alama, usiangalie kushinda. Shauri laweza kushindwa likiwa limefanywa kwa ustadi. Mimi hutoa sehemu kubwa zaidi kwa jalada lenyewe: je, mgeni akilifungua leo ataelewa kila kilichotokea na kinachofuata? Sehemu nyingine ni mahojiano niliyoyaona, na iliyobaki ni shajara ya kila wiki. Shajara ya "leo nimejifunza mengi" irudishe. Unayoitaka inasema: "Nilimkatiza mara tatu, na mara ya tatu aliacha kuniangalia."

Hatua ya kumi: likizo, makabidhiano na kufunga jalada

Mteja hana likizo. Panga makabidhiano wiki mbili kabla ya mitihani, na mwanafunzi anayeondoka amtambulishe mrithi wake kwa mteja uso kwa uso, au kwa simu wakiwa watatu. Msimamizi abaki na orodha ya tarehe zote zinazoangukia likizo, na ajulikane nani ataziendea.

Jalada linapofungwa, mteja apewe barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili: tulichofanya, kilichoamuliwa, na muda uliobaki iwapo anataka kuendelea. Asiyejua kusoma asomewe, kisha aulizwe ameelewa nini. Kama kuna nyaraka halisi iliyobaki ofisini kwa dharura yoyote, ihesabiwe mbele yake, moja baada ya nyingine, ndipo asaini kwenye daftari au aweke dole gumba, na mwanafunzi asaini chini yake.